Chupa ngapi, mwalimu? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu pombe na usukani nchini Kenya

Nafundisha udereva. Wanafunzi wangu wakishapata leseni hunisahau hadi siku mbili: siku ya kununua gari, na Ijumaa ile usiku ambapo wameona taa za polisi mbele na mate yakawakauka mdomoni. Maswali ya Ijumaa usiku hayabadiliki. Nimechoka kuyajibu kwa simu nikiwa kitandani, kwa hiyo nimeyaweka yote hapa.

Naweza kunywa chupa ngapi na bado niendeshe?

Hili ndilo la kwanza kila mara. Anayeuliza ameshaamua kunywa na ameshaamua kuendesha. Anatafuta namba ya kumtuliza roho. Namba zipo, lakini hazitulizi mtu.

Kanuni za mwaka 2011 za kupima ulevi barabarani ziliweka kiwango cha mikrogramu 35 za alkoholi katika mililita 100 za pumzi. Hiyo ni sawa na miligramu 80 katika mililita 100 za damu. Sasa chukua bia ya mililita 500 yenye alkoholi asilimia 5. Ndani yake mna gramu 20 hivi za alkoholi tupu. Mwanamume wa kilo 70 akiinywa haraka, hajala kitu, damu yake yaweza kufika miligramu 40 na kidogo. Chupa ya pili inamfikisha mlangoni. Mwanamke wa kilo 55 akinywa chupa ile ile moja anapita 60, kwa kuwa mwili wake ni mdogo na kwa kawaida una maji machache ya kuizimua pombe. Kwa hiyo mume na mke walioketi meza moja, wakaagiza sawa, hawajanywa sawa.

Hayo ni ya bia, ambayo angalau ina lebo. Kota ya mililita 250 ya pombe kali ya asilimia 40 ina karibu gramu 80, yaani bia nne ndani ya chupa inayoingia mfuko wa koti. Ukinunua mzinga, ile chupa ya mililita 750, na wenzako wawili mkagawana, hesabu mwenyewe. Chang'aa haina kipimo chochote. Na mnazi, kwa sisi tuliokulia pwani, ni kinywaji kinachobadilika kikiwa mezani: uliogemwa alfajiri ni mtamu kama juisi, ule ule ifikapo jioni umeshachacha na unauma. Mtu akikwambia "nimekunywa vibuyu viwili vya mnazi", hujajua kitu mpaka umuulize ulikuwa wa saa ngapi.

Isitoshe, 80 si mpaka kati ya uzima na ulevi. Macho, mikono na uamuzi huanza kuchelewa mapema zaidi. Shirika la Afya Duniani hupendekeza 50 kwa dereva wa kawaida na 20 kwa vijana na walioshika usukani juzi.

Nikila nyama choma kwanza?

Chakula huchelewesha pombe kuingia damuni na hupunguza kilele chake. Hakiiondoi. Ukishiba ukaongeza chupa mbili kwa sababu "leo sihisi kitu", nyama imekuponza.

Hii 80 ilitoka wapi?

Ni urithi. Uingereza iliandika 80 katika sheria yake ya mwaka 1967, na vipimo vya pumzi vikaanza barabarani kule Oktoba mwaka huo huo. Norway ilikuwa imetangulia mbali: iliweka kiwango cha 50 mwaka 1936. Hata hiyo 35 yetu ya pumzi ni hesabu ya Waingereza. Wanachukulia kwamba alkoholi iliyo katika damu ni mara 2,300 ya iliyo katika pumzi ya ujazo huo huo. Zidisha 35 kwa 2,300 upate mikrogramu 80,500, yaani miligramu 80 na nusu. Hapo ndipo namba mbili zinapokutana. Scotland wenyewe waliiacha 80 Desemba 2014 wakashuka hadi 50.

Alcoblow, kile kifaa cha polisi cha kupima pumzi, hufanyaje kazi, na inaweza kuhadaiwa?

Ndani mna kisahani chenye platini. Pumzi ikipita, alkoholi iliyomo inaunguzwa pale kikemia na kutoa umeme kidogo; umeme ukiwa mwingi, namba inapanda. Hakinusi. Ndiyo maana pipi za minti, vitunguu, karafuu na majani ya kahawa ya kutafuna ni kazi bure: vinaficha harufu kwa pua ya afande, lakini kifaa hakina pua. Wanaonyonya sarafu wanachopata ni uchafu wa sarafu.

Dawa ya kusukutua mdomo yenye alkoholi ndiyo kichekesho. Unaisukutua ukidhani unajisafisha, kumbe umeongeza namba. Alkoholi inayobaki mdomoni, iwe ya dawa au ya funda la mwisho ulilomeza ukitoka baa, huisha baada ya dakika 15 hivi. Kama umetoka kunywa au kusukutua sasa hivi, sema, na uombe kwa heshima usubiri kidogo au upimwe tena. Na kila mtu apewe kipande kipya cha kupulizia, kifunguliwe kwenye karatasi yake mbele ya macho yako. Kulidai hilo si ujeuri.

Nilisikia mahakama iliipiga marufuku alcoblow. Kwa nini bado tunapulizishwa?

Ulisikia nusu. Kifaa kilianza kutumika kwa kishindo Desemba 2013, na baa zikapiga kelele, kwa kuwa wateja walianza kuondoka saa mbili usiku au kutokuja kabisa. Kesi ikafunguliwa, ikapanda ngazi, na Februari 2017 Mahakama ya Rufaa ikatoa uamuzi.

Shida ilikuwa hii. Kifungu cha 44 cha Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kinamtia hatiani mtu aliyelewa pombe au dawa kiasi cha kushindwa kulitawala gari ipasavyo. Kosa ni kushindwa. Kanuni za 2011 zikasema kitu kingine: aliyepita kiwango ana kosa, basi, awe anayumba au anaendesha kama rubani. Majaji wakasema kanuni haziwezi kuzaa kosa ambalo Sheria mama haikulizaa. Kanuni hutungwa na waziri. Sheria hutungwa na Bunge.

Nilikasirika siku ile, nikidhani walevi wamepewa kibali. Nikaja kutulia. Hoja ilikuwa sahihi, na dawa yake ni namba kuandikwa ndani ya Sheria yenyewe, isiachwe kwenye kanuni. Kifaa chenyewe hakikupigwa marufuku. Kilichobadilika ni uzito wake mahakamani: usomaji wa kifaa ni ushahidi mmojawapo, na upande wa mashtaka unatakiwa kuonyesha pia kwamba ulikuwa huwezi kulitawala gari. Hapo ndipo linapoingia lile daftari la afande: gari lilikuwa likivuka mstari, macho mekundu, alishindwa kutoa leseni kwenye pochi, aliposhuka alishika mlango. Tangu hapo alcoblow imekuwa ikipotea na kurudi, na hurudi hasa Desemba.

Adhabu ni ipi?

Kifungu cha 44: faini isiyozidi shilingi 100,000, au kifungo kisichozidi miaka 2, au vyote viwili. Ukipatikana na hatia unapokonywa haki ya kuwa na leseni kwa miezi 12. Kwa dereva wa matatu au lori, huo mwaka mmoja unauma kuliko faini, maana faini mwenye gari anaweza kukulipia akakukata kidogo kidogo.

Ukiua mtu kwa kuendesha kwa hatari, kifungu ni cha 46, na hapo tunazungumzia hadi miaka 10 jela.

Nikikataa kupuliza?

Kanuni zile zile zinafanya kukataa bila sababu ya msingi kuwa kosa. Na ukikataa ukiwa unanuka na unayumba, umemsaidia afande kuandika daftari lake.

Wakinikamata Ijumaa usiku, nitatoka lini?

Katiba, ibara ya 49, inataka ufikishwe mahakamani ndani ya saa 24. Lakini saa hizo zikiishia wakati mahakama imefungwa, inahesabiwa hadi mwisho wa siku ya mahakama inayofuata. Tafsiri yake kwa mlevi wa Ijumaa ni kwamba anaweza kulala seli Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, akamwona hakimu Jumatatu, na shati la harusini mwilini. Kituo kinaweza kukuachilia kwa dhamana ya polisi, na ukiweka pesa taslimu lazima upewe risiti. Pesa isiyo na risiti siyo dhamana.

Basi si nimpe afande kitu kidogo yaishe?

Kwa Sheria ya Hongo ya mwaka 2016, mtoaji na mpokeaji wote wana kosa, na kifungo chake kinaweza kufika miaka 10. Umekimbia kosa la miaka 2 ukaangukia la 10. Halafu kuna jambo lingine ambalo wanafunzi wangu hawalifikirii: afande akishachukua chai yako anakurudishia ufunguo. Umelewa vile vile, na kilomita za kufika kwako zipo vile vile.

Nilikunywa jana usiku, nikalala. Asubuhi niko sawa?

Huenda hauko. Hili ndilo linalowanasa watu wenye adabu zao, wale ambao hawawezi kushika usukani wametoka baa.

Ini lina mwendo wake, na halisikii amri. Kwa wastani linapunguza miligramu 15 hivi kwa saa. Mtu wa kilo 70 aliyekunywa bia sita kati ya saa mbili na saa nane usiku anaweza kwenda kulala akiwa na 160. Saa moja asubuhi, saa tano zimepita, ini limetoa 75. Zimebaki 85. Bado amepita kiwango, na amevaa tai. Damu yake itasafika karibu saa saba mchana.

Mmoja wa niliowafundisha alisimamishwa Jumapili asubuhi akipeleka watoto ibada ya kwanza. Alikuwa ameoga, amepiga mswaki, amekunywa chai ya maziwa na mkate. Watoto watatu nyuma, wa katikati ameshika sadaka mkononi. Alipuliza akiwa anatabasamu. Kilichomtia aibu zaidi si afande, ni mtoto mkubwa aliyeuliza, "Baba, umefeli?" Aliponipigia simu alikuwa akirudia neno moja tu: "Mwalimu, nililala! Nililala!" Kulala hakumaanishi chochote kwa ini, isipokuwa kwamba wewe hujui muda umekwendaje.

Kahawa nyeusi, supu ya kichwa, maji baridi kichwani, ndimu: vyote vinakuamsha. Mlevi aliyeamka ni mlevi mwenye macho makavu. Na ile kutoa loki, kunywa moja asubuhi ili kichwa kitulie, ni kuongeza deni juu ya deni.

Niliona nimezidi, nikaegesha nikalala ndani ya gari. Hilo nalo ni kosa?

Linaweza kuwa. Kifungu cha 44 hakisemi anayeendesha peke yake. Kinamtaja pia anayejaribu kuendesha na mwenye gari mikononi mwake barabarani au mahali pa umma. Ukiwa kiti cha dereva, ufunguo umetumbukizwa, injini inanguruma kwa sababu unataka hewa baridi, umejiweka pabaya. Kama huna budi kulala garini, lala kiti cha nyuma, injini imezimwa, ufunguo uwe kwa mtu mwingine.

Boda boda je?

Pikipiki ni chombo cha moto kama gari. Sheria ni ile ile, isipokuwa mwenye boda hana bodi ya kumkinga, na abiria wake mara nyingi hana kofia.

Kwa kweli ni wangapi wanakufa?

Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama Barabarani, NTSA, ilihesabu vifo 4,690 barabarani mwaka 2022, 4,324 mwaka 2023, na 4,748 mwaka 2024. Hivyo ni vya sababu zote: mwendo kasi, kuovateki kwenye kona, uchovu, gari bovu, pombe. Usimwamini anayekupa asilimia kamili ya pombe Kenya, maana maiti nyingi za ajali hazipimwi, na dereva aliyekimbia hapimwi kamwe. Nchi zinazopima kila mara zinatupa picha: Marekani mwaka 2022 vifo 13,524 vilihusu dereva aliyekuwa na 80 au zaidi, takriban kimoja katika kila vitatu.

Tunachokijua vizuri ni nani anayekufa. Kundi kubwa kuliko yote ni wapita njia. Mwenye gari ana mkanda na mfuko wa hewa; anayetembea ukingoni mwa barabara saa kumi na moja alfajiri kwenda kazini ana koti tu.

Jumapili alfajiri ndiyo natoka na wanafunzi wapya, kwa kuwa barabara ni nyeupe. Na ndiyo saa ambayo barabara bado inaonyesha ya usiku: vioo vilivyosagika kama chumvi, reli iliyopinda, mchanga uliomwagwa juu ya oili. Siku moja tulikuta mkokoteni wa maji umekatika mhimili. Mitungi ya njano ilikuwa imetapakaa hadi ng'ambo, mmoja umelala ubavu na bado unatoa maji, glu, glu, glu. Watu wawili walikuwa wamesimama, hakuna gari lililobaki. Mwanafunzi wangu, mama wa makamo aliyekuwa na masomo matatu tu, akapunguza mwendo bila mimi kumwambia. "Mwenye mkokoteni yuko wapi?" akauliza. Nikamwambia aweke gia ya pili.

Bima italipa?

Inategemea ni nani anayedai. Kwa Sura ya 405, yaani sheria ya bima ya magari, bima ya lazima humlinda mtu wa tatu, na kampuni haiwezi kumnyima aliyegongwa kwa hoja kwamba dereva alikuwa na hali fulani ya mwili au akili. Italipa, kisha inaweza kukugeukia wewe ikudai ilicholipa. Gari lako mwenyewe ni hadithi nyingine, hata kama una bima kubwa. Soma zile herufi ndogo za mkataba: ulevi kwa kawaida umetajwa miongoni mwa mambo yasiyolipiwa.

Nina safari ya Tanzania, Uganda, au niko ughaibuni. Sheria ni ile ile?

Tanzania na Uganda pia zina 80 kwa dereva wa kawaida, lakini kwa dereva wa magari ya abiria ni sifuri. Kampala ukisikia watu wanataja kawunyemu, ndiyo alcoblow yao. Saudia na Falme za Kiarabu usiulize kiwango: ni sifuri, na wale ndugu zetu wanaoendesha malori na teksi kule wanajua kwamba kosa moja laweza kuwarudisha nyumbani. Marekani ni 80 majimbo karibu yote, ila Utah imekuwa 50 tangu Desemba 30, 2018.

Mjomba amelewa na ameshika ufunguo. Mimi ni mdogo kwake, nifanyeje?

Swali hili silipati kwa watu wa sheria. Nalipata kwa watu wa heshima, kila msimu wa harusi na mahari. Usimnyang'anye. Mtu mzima akinyang'anywa ufunguo mbele ya shemeji zake ataendesha hata kama hana miguu, ili kuonyesha kwamba anaweza. Mtafute wa rika lake, au mkewe, au yule mzee mwenyeji. Mwenyeji ana haki ya kusema, "Shemeji, kwangu mgeni haondoki usiku," na hapo si amri tena, ni ukarimu. Mjomba atakaa. Wakati huo wewe nenda ukaegeshe gari lako nyuma ya lake, karibu kabisa, halafu nawe ulale.

Ikishindikana, mpe dereva. Mijini siku hizi wapo vijana wanaoitwa kwa simu, wanakuja, wanakuendeshea gari lako hadi kwako. Mara nyingi bei yao haizidi chupa chache ulizonunua usiku ule. Muulize leseni kabla ya kumpa ufunguo, maana nimeshakutana na "dereva" aliyekuja naye amepata mbili tatu.

Nikiliacha gari baa, nitalikuta?

Mara nyingi, ndiyo. Lipige picha lilivyo, na maili za kwenye dashibodi. Toa kompyuta na mkoba. Usivisukume chini ya kiti, soja amekuona. Mjue soja kwa jina, mpe mia au mia mbili, mwambie utalifuata saa ngapi. Kisha usiende saa hiyo. Nenda saa nane mchana.